Mgonjwa wa Ngano na Chupa Yake

Jamaa zangu wa Ruangwa, leo nimeaibika. Tena si faraghani, mbele ya foleni nzima ya zahanati hapa Nachingwea!

Mnanijua mimi na ngano. Tangu yule daktari mgeni aseme nina siliaki, mkate na chapati navila kwa macho. Nikionja tu, siku tatu chooni. Sasa mikorosho imechanua. Pua inamwagika, macho yamevimba, ngozi inawasha. Mara ya mwisho nilimeza vidonge vya mzio, kumbe vimeshikanishwa kwa unga wa ngano. Chafya zikakoma, tumbo likaanza.

Basi leo nimedamkia kwa dresa, mtoa dawa wetu wa zahanati.

"Bwana Dresa, vidonge hivi vina ngano?"

"Karani, hapa ni zahanati, si hoteli."

Sikukubali. Nikahutubia nusu saa (ndiyo, nusu saa, watu wanakohoa nyuma yangu). Nikasema chembe moja inatosha kuniangusha. Kijiko kilichogusa mkate sikitumii! "Usafi wa vyombo, ndugu zangu!" nikawageukia hata wao. Maskini dresa akasoma maboksi yote, mwisho akapata dawa ya maji isiyo na unga. Imebaki ya mtu mmoja tu. Akaipima kwenye gilasi.

"Haya, lete chupa."

Mnajua utaratibu, kila mgonjwa na chupa yake. Nikatoa yangu kwa madaha. Dresa akaiinua kwenye mwanga, akakwangua kitu cheupe shingoni.

"Ulikuwa unawekea nini?"

"Gundi ya ofisini. Lakini nimeisuuza!"

"Gundi ya nini?"

 Gundi hiyo naikoroga mwenyewe kila Jumatatu.

"Ya... unga wa ngano."

Foleni ikalipuka! Mzee mmoja alikaa chini kabisa. Na dresa anaitaka gilasi yake, wagonjwa wanangoja. Machozi yakanitoka, sijui ya mikorosho au ya aibu.

Ndipo bibi mmoja, aliyetembea kutoka Chiola kufuata dawa ya kikohozi, akaninyooshea chupa yake.

"Chukua, mjukuu wangu. Kwangu ngano haijawahi kuingia. Mimi dawa yangu ya leo nitainywa papa hapa, nyingine nitaifuata kesho."

Kutoka Chiola, kwa miguu! Nilitaka kumshukuru, nikampigia chafya.

Wakati natoka nikamuuliza dresa kama kuna dawa ya aibu. Akasema ipo, ila hiyo nilete debe.