Sekunde Tisa za Tsongo

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Kompyuta imechukua dakika moja na sekunde hamsini na mbili kuwaka. Nimepima mara mbili kwa simu, nikiwa nimesimama wima kama kwenye gwaride. Mwaka juzi binti yetu Biira alipokuja kutoka Kampala na kutuwekea hii diski ya SSD, ilikuwa sekunde kumi na moja. Mashine imenigeuka.

Jirani yangu Tsongo anasema yake inawaka kwa sekunde tisa. Ni kweli nilimuuliza, lakini hakulazimika kujibu. Huyu ni mtu wa kuongoza wageni mlimani kutoka Nyakalengija. Amejulia wapi mambo ya diski?

Na jambo lenyewe ni zito. Jumapili katekista Nobert atatangaza mtu wa kutunza kompyuta mpya ya kanisa. Majina yaliyopelekwa ni mawili, langu na la Tsongo. Mimi nimetumika magereza miaka ishirini na saba, nikatunza funguo, na hakuna hata moja iliyopotea. Yeye ametunza kamba na viatu vya watalii. Sioni la kujadili hapo.

Halafu kuna Feresita, mke wangu. Ni mkunga, na sasa anamalizia diploma. Ripoti yake ni kazi ya miaka miwili ya kupanda vilima kuwatembelea wazazi waliojifungulia nyumbani. Anatakiwa kuipeleka Jumatatu ijayo. Analalamika kwamba anaandika sentensi mpaka mwisho, anakaa, ndipo herufi zinaanza kujitokeza moja moja. Nimemwahidi kufikia Ijumaa atashindwa hata kuzifuata kwa macho.

Nimekagua diski. Imejaa mpaka alama yake imekuwa nyekundu. Filamu mia tatu na kumi zilizotafsiriwa kwa Kiganda, pamoja na mechi za misimu sita. Hapo hakuna tatizo. Vitu vimelala tu, havimsumbui mtu.

Tatizo ni mpangilio. Kwenye kozi ya mwaka 2004 tulifundishwa kupanga upya vipande vya faili ndani ya diski. Programu ile bado ninayo. Nimeianzisha saa tatu asubuhi. Imeandika kwamba itamaliza baada ya saa kumi na tisa. Sawa. Nidhamu haina haraka.

Jumanne, 5 Agosti

Imemaliza. Dakika mbili na sekunde kumi.

Feresita alisimama mlangoni wakati napima. Alikusanya karatasi zake akasema anakwenda kukaa kidogo kwa Bulandina, mke wa Tsongo. Wanawake wanapenda maongezi. Nikapata uwanja.

Nimesoma kwenye simu kwamba joto hupunguza kasi ya SSD. Mara moja nikaelewa kila kitu! Nyumba yetu ina joto, na ya Tsongo iko chini ya mti. Nimeihamisha kompyuta stoo, sehemu ya baridi kuliko zote, nikaondoa ubavu wake mmoja ili ipumue, nikazungushia taulo mbichi, nikaielekezea feni kubwa.

Sikuangalia kilichokuwa nyuma ya feni. Ulikuwa unga wa muhogo, kwenye beseni, bila kifuniko.

Nilisikia mashine ikikohoa nikiwa uani. Nilipofika ilikuwa imezimika yenyewe, nyeupe kila mahali, nami nikawa mweupe kwa kuikaribia. Feresita aliporudi alitazama stoo, akanitazama mimi, akauliza chakula cha jioni kitatoka wapi. Nilimweleza kuhusu joto. Alisema ameelewa, tule ndizi.

Jumatano, 6 Agosti

Nimeutoa unga kwa brashi ya viatu. Mashine imewaka. Ina harufu ya jikoni lakini ni nzima.

Asubuhi nimepakua programu tatu za kuongeza kasi. Zote zinaahidi mambo makubwa. Ya kwanza imepata makosa elfu nne na mia mbili kwenye kompyuta yangu. Ya pili imepata makosa ndani ya ile ya kwanza. Ya tatu inazungumza kwa maandishi nisiyoyajua, lakini ina picha ya chui anayekimbia, na hiyo ndiyo naiamini zaidi.

Dakika nne na sekunde tano.

Mchana nimeamua kufanya upelelezi. Nilikwenda kwa Tsongo kwa kisingizio cha chai. Mke wangu alikuwa pale, mezani, mbele ya kompyuta yao, anaandika. Alisema anamsaidia Bulandina kitu. Nilimsogelea Tsongo nikamwomba anionyeshe diski yake. Maskini! Robo yake nzima ni tupu. Mtu wa umri wake, na hana cha kuweka.

Nilimuuliza anaifanyia nini mpaka iende hivyo. Alisema haifanyii kitu. Anairuhusu ijisasishe inapoomba, haipakii programu asizozihitaji, na picha za wageni anazihamishia nje ili pabaki nafasi. Basi. Akaniongezea chai.

Nimefanya kazi na wafungwa miaka ishirini na saba. Namjua mtu anayeficha kitu.

Alhamisi, 7 Agosti

Hakuna umeme tangu asubuhi. Nimepumzika. Kompyuta nayo imepumzika. Huenda hicho ndicho ilichokosa.

Baadaye. Umeme umerudi. Siyo hicho.

Ijumaa, 8 Agosti

Siku kubwa. Niandike kwa mpangilio.

Asubuhi Kasereka, mfanyabiashara kutoka Beni, alikuwa anapeleka vitunguu vya Mubuku kwenye soko la mpakani. Nikamwomba nafasi. Nilikaa nyuma ya pikapu juu ya magunia, kompyuta mapajani, mpaka Bwera. Kasereka haoni shimo. Mimi na mashine tuliruka pamoja na kutua pamoja njia nzima.

Bwera kuna fundi anaitwa Yvette, mama wa Kikongo, alikimbia vita kutoka upande wa Butembo akafungua kibanda chake hapa. Kila mtu anamsifu. Aliifungua kompyuta, akapuliza unga uliobaki, akauliza huu ni unga gani. Nikamwambia ni wa muhogo. Akaitikia kwa kichwa kama vile jibu hilo analipata kila siku.

Halafu alikaa mbele ya kioo kwa muda mfupi sana. Aliziondoa programu zangu tatu, pamoja na chui. Alisema moja kati yake ilikuwa imezima kitu kinachoitwa TRIM, ambacho kazi yake ni kuiambia diski mahali gani pamefutwa na sasa pako huru kuandikwa upya. Akakiwasha. Kisha akanigeukia.

"Papa, hii diski haiko mugonjwa. Umeijaza tu. Ikijaa hivi, kila kitu unaandika inaanza kutafutiwa fasi. Toa robo ya vitu. Na ile programu ya kupanga vipande, usirudie tena. Hapa ndani hakuna kitu yenye kuzunguka, unaichokesha bure."

Nilimuuliza ni hayo tu. Akasema ni hayo tu, na kwamba kwa kazi ndogo hivyo hataki kitu.

Hapo ndipo niliposhtuka. Fundi mwenye ujuzi kamili hawezi kumaliza haraka hivyo na asitake kitu. Nilimshukuru kwa heshima, nikatoka kutafuta ufumbuzi wa kweli.

Niliupata karibu na soko. Kijana mmoja mwenye miwani ya jua alikuwa na SSD za kuchomeka nje, zimepangwa juu ya kitambaa. Terabaiti kumi na sita! Kidude kinatosha kiganjani, kizito vizuri, kinang'aa. Sikuwa na pesa ya kutosha, lakini alilipenda koti langu la Jumapili. Nilikuwa nimelivaa ili Yvette anichukulie kwa uzito. Tukabadilishana. Nilimwonea huruma, koti lenyewe lina miaka tisa.

Nimerudi na kuanza kazi alasiri. Nimeamua kutii nusu ya maneno ya Yvette na kuboresha nusu iliyobaki. Yeye alisema robo. Mimi nimehamisha vyote. Filamu, mechi, picha, barua, ripoti ya Feresita. Kama kuhamisha wafungwa kwenda bloku mpya: wote nje, msiache mtu. Terabaiti kumi na sita zimemeza kila kitu kwa muda mfupi, bila kulalamika. Kisha nikavifuta kwenye diski ya zamani, nikamwaga na pipa la taka.

Nimezima. Nimewasha.

Sekunde kumi.

Nimepiga saluti peke yangu sebuleni. Hii diski kubwa imeitia moyo ile ndogo.

Jumamosi, 9 Agosti

Siandiki kwa furaha leo.

Asubuhi Feresita alikwenda kliniki. Nikataka kumfanyia jambo zuri: niichapishe ripoti yake yote, niiweke mezani, aikute. Nikaifungua. Kurasa hazikuwepo. Jina lipo, ukubwa upo, ndani hamna herufi hata moja. Nikajaribu picha za harusi ya Biira. Kijivu. Filamu saba za mwanzo zinacheza. Ya nane inaonyesha mtu anainua mguu kupiga teke, na mguu haushuki.

Nimeichukua bisibisi nikaifungua ile diski. Ndani kuna kadi ndogo ya kumbukumbu, ya simu, imebandikwa kwa gundi. Na nati moja kubwa ya lori, ya kuongeza uzito.

Nilimpigia Yvette. Nilimweleza yote, hata koti. Akasema kadi hiyo inadanganya ukubwa wake. Ikishajaa, vingine vyote inavipokea na kuvitupa. Nikamuuliza kuhusu vile nilivyofuta kwenye diski ya nyumbani, kama anaweza kuvirudisha. Alisema kwa diski za zamani angejaribu, lakini kwa SSD yenye TRIM iliyowashwa, kilichofutwa jana leo hakipo tena.

Nilikaa kwenye kiti. Nilikumbuka Feresita akirudi na matope mpaka magotini, akikaa hapo hapo, anaandika kabla hajanawa miguu ili asisahau jina la mzazi hata mmoja. Miaka miwili. Mimi nilikuwa nyuma yake nikingoja amalize ili nitazame mechi.

Niliwaza kukimbia kwenda kwa kaka yangu anayeishi Kabatoro, kwenye ziwa la chumvi, nikabebe chumvi mpaka mambo yapoe. Nilitafuta mfuko. Kisha nikaurudisha. Nimewaona watu wengi waliokimbia, na wote walirudishwa.

Aliporudi nilisimama nikamwambia. Sikuongeza neno na sikumtaja chui. Aliweka mkoba chini, polepole.

"Baba Biira," alisema, "tangu Jumanne naandikia kwa Bulandina. Ripoti nilimtumia mwalimu wangu jana mchana. Na nakala ninayo hapa." Akatoa flashi kwenye mfuko wa sare yake.

Nikakaa tena.

Akairudisha flashi mfukoni. "Lakini wewe hukujua hilo. Uliihamisha na kuifuta ukiamini sina nakala nyingine. Usiiguse kazi yangu tena bila kuniuliza."

Nilisema ndiyo. Alingoja niseme kitu kingine. Nikasema samahani, na nadhani ni mara ya kwanza nimeisema bila kueleza sababu. Alikubali. Akavua viatu, akauliza kama kuna chai. Nimeipika mwenyewe. Tulikunywa nje, na akanisomea ujumbe wa mwalimu wake: anasema ripoti ni nzuri sana, anataka wakunga wa wilaya nzima waisome. Nilimwomba anisomee tena. Akacheka, akasoma tena.

Kisha akauliza koti langu la Jumapili liko wapi.

Jumapili, 10 Agosti

Nimekwenda kanisani na sweta ya magereza. Feresita alisema inanipendeza. Sidhani, lakini alikaa karibu nami.

Baada ya ibada katekista Nobert alitangaza. Tsongo ameomba asihesabiwe, kwa sababu mwezi huu na ujao atakuwa mlimani na wageni. Kwa hiyo kompyuta ya kanisa itatunzwa na Afande Kosiya, yaani mimi. Katekista aliongeza kwamba ataifungia kwenye kabati na tutakuwa tunafungua pamoja. Nimepokea kwa saluti. Tsongo alinipa mkono, akaniambia nisiijaze. Bado anaficha siri yake, lakini nimemsamehe.

Nyumbani nimewasha mashine yetu. Sekunde kumi kamili, na ile diski ya uongo iko kwenye takataka. Kwa hiyo siyo yenyewe iliyoitia moyo. Nimekaa na hili jambo tangu mchana, maana mtunzaji wa kompyuta ya kanisa lazima ajue sababu.

Kupanga vipande hakukusaidia. Baridi haikusaidia. Chui hakusaidia. Yvette aligusa vitufe viwili vitatu na hakutaka kitu, kwa hiyo huyo naye tumtoe. Kufuta vitu ni usafi wa kawaida. Kinachobaki ni kimoja, na nimeshangaa sikukiona mapema. Kompyuta ilikwenda Bwera ikiwa nzito na ikarudi nyepesi. Ni barabara. Ni ule mtikiso! Vitu vyote vilivyokwama ndani vimeshuka vikakaa mahali pake.

Nimempigia katekista. Kompyuta ya kanisa ni mpya, inawaka kwa sekunde kumi na mbili, lakini ngoja. Nimemwambia aitoe kabatini Ijumaa asubuhi, nitaipeleka mwenyewe kwa matengenezo. Aliuliza matengenezo gani. Nikamwambia ni ya kitaalamu.

Kasereka amekubali kutubeba. Ameahidi pia, kwa kuwa anabeba kompyuta ya kanisa, kwenda taratibu. Imenibidi nimweleze kwa upole kwamba apite kwenye mashimo yote.