Kamera ya Kumnasa Kiherehere

Injinia hakuwa injinia. Jina hilo alijipa mwenyewe siku alipofanikiwa kufungua tochi, na tochi yenyewe haijawaka tena mpaka leo. Lakini mdomo alikuwa nao, jamani! Wanasema maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Ya Injinia yangemtoa nyoka, yakamuuzia na viatu.

Asubuhi hiyo alikuwa ameegemea kaunta ya duka la kusafisha picha, akikwepa jua na wanaomdai salamu, ndipo akaona riziki ikigombana na muuza duka. Riziki yenyewe ilikuwa mama mnene mwenye sindano tatu zimechomekwa kifuani: Mama Pindo, fundi cherehani wa mtaa wa nyuma.

"Mbona mkia mtupu?" Mama Pindo alifoka, akipanga picha tisa juu ya kaunta. "Paka yuko wapi?"

"Mama, mimi nasafisha ninacholetewa. Umeleta mkia, nimekupa mkia."

"Kesho saa sita mchana daktari wa mifugo anafunga kupokea picha za kalenda yake ya paka! Mwaka jana alitoka paka wa wifi yangu, Godoro. Halikimbii, halichezi, limelala tu kama unga uliomwagika. Na wifi akaja kuitundika kalenda kwangu. Kwa mkono wake! Na msumari alikuja nao!"

Injinia akamwonea huruma. Huruma ya Injinia, mjue, ilikuwa na vidole virefu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba."

"Samahani, nimesikia bila kusikiliza. Kosa si la paka, kosa ni la simu. Simu inalenga pale paka alipokuwa, siyo pale alipo. Wewe unataka kamera inayojilenga yenyewe, inayoshika jicho la mnyama na kulifuata kila aendako. Ninayo."

"Saa nane uwe kwangu," alisema Mama Pindo. "Na usichelewe, kama sisi mafundi."

Kweli, kamera alikuwa nayo, ila ilikuwa maiti. Mwezi uliopita aliinunua kwa mpiga picha za harusi, baada ya kamera hiyo kutumbukia kwenye pipa la maji katikati ya sherehe. Ilikuwa inawaka vizuri na kioo kinang'aa, lakini kulenga haiwezi, hata uionyeshe ukuta. Mpango ulikuwa mwepesi: kuazima kwa mpiga picha huyo huyo pacha wake aliye hai, kumwonyesha mama yule mzima, kisha kumfungia yule marehemu.

"Bila dhamana haitoki," alisema mpiga picha.

Injinia akaweka dhamana pikipiki ya shemeji yake, mume wa dada yake, ambaye ndiye aliyekuwa akimlaza kwenye kochi la sebuleni. Shemeji mwenyewe alikuwa amelala baada ya zamu. Hakuulizwa, asije akasumbuliwa usingizi.

Saa nane kamili Injinia akaingia karakana ya Mama Pindo, begani begi lenye kamera mbili. Kilikuwa chumba kimoja tu: cherehani mbili, meza ya pasi, gunia la vipande, na ukutani kalenda ya Godoro. Juu ya kabati kulikuwa na kitu cha kijivu. Kabla hajakitazama vizuri kilikuwa mezani, mara chini ya cherehani, mara kwenye pazia.

"Huyo ndiye Kiherehere," alisema Mama Pindo kwa fahari. "Amezaliwa kwenye gunia lile. Akiona ncha ya uzi inaning'inia, hata kama imeshikwa na hakimu, lazima aivamie."

Hapa niseme jambo moja la Mama Pindo. Zamani mteja mmoja alimletea kitambaa hafifu, kisha akaapa mbele za watu kwamba alileta hariri na fundi kaibadilisha. Tangu siku hiyo, kila kinachoingia karakana yake hupigwa mshono mmoja wa uzi mwekundu, ncha ikiachwa inaning'inia. Suruali, pazia, hata mwavuli wa mtu aliyekuja kuuliza njia. Anashona huku anazungumza, wala hajui tena kama anashona.

Injinia akatoa kamera nzima. Mama Pindo akaipokea, akaigeuza, akauliza maswali, na vidole vyake vikafanya kazi yao kwenye mkanda. Injinia hakuona. Alikuwa anahutubia.

"Hii, mama, ikishamshika jicho, hata akienda kuoa inamfuata!"

"Maneno weka pembeni. Kwanza nataka nione akinijia mbio. Paka anayepita pembeni hata kipofu anampiga. Pili, humu ndani pasipo na jua. Tatu, mlio. Akisikia kelele anapanda kabati."

Injinia alishtuka kidogo. Hakuzoea wateja wenye akili. Lakini kamera ilikuwa nzima, ikajibu yenyewe. Mama Pindo alitikisa uzi, Kiherehere akaja kama mwenye deni na dunia, na kwenye kioo kiduara kidogo kikakaa juu ya jicho lake, kisitoke. Kamera ikapiga mfululizo, cha-cha-cha-cha, kwa sauti ya chini. Sharubu zote zilihesabika.

Mama Pindo machozi yalimlengalenga. "Mwanangu! Kumbe una uso!"

Akatoa fedha alizokuwa ameziweka kwa ajili ya cherehani mpya, zote, akampa.

"Ngoja nikufungie, isiingie vumbi," alisema Injinia. Mkono ukaingia begini na kamera nzima, ukatoka na marehemu. Akamtia kwenye boksi, akazungusha selotepu mara saba. "Usifungue mpaka kesho asubuhi. Lenzi ikishafanya kazi lazima ipumzike."

"Kama mgonjwa?"

"Umenena."

Akasimama kuaga. Kiherehere akaruka kutoka kabatini, akatua juu ya begi lake, akaanza kulirarua kwa makucha yote. Kwenye zipu ilikuwa imechungulia ncha ya uzi mwekundu.

Mama Pindo akaitazama ile ncha, kisha akalitazama boksi. Miaka arobaini ya wateja ilipita kichwani mwake kwa sekunde moja. Hakupiga kelele hata kidogo.

"Aibu gani hii! Paka wangu amekuchania begi, baba. Huondoki hivyo. Begi nakushonea sasa hivi, na kwa fidia nakupima shati. La bure."

Injinia alijua inabidi aondoke. Miguu ilijua, jasho lilijua. Lakini neno "bure" lilikuwa limeshaingia masikioni, na kwa Injinia neno hilo halikuwahi kutoka bila kitu mkononi.

"La mikono mirefu?" aliuliza.

"Mirefu mpaka uchoke. Geukia ukuta. Mikono juu. Usigeuke, ukipinda mgongo na shati linapinda."

Akamwachia begi, akasimama, mikono juu, uso kwa uso na Godoro.

"Kifua, hamsini na mbili!" Mama Pindo aliita kutoka mbali kidogo, selotepu ikilia kwaa.

"Mama, mbona hunigusi?"

"Fundi mzoefu anapima kwa jicho."

Nyuma yake kukasikika cha-cha-cha-cha.

"Mlio gani huo?"

"Mkasi, baba. Tazama ukuta."

Akatazama ukuta, mtaalamu wa kamera.

Jioni alirudisha kamera kwa mpiga picha, akipiga mluzi. Mpiga picha akaielekeza mlangoni, akabonyeza, akabonyeza tena.

"Injinia, hii si ile maiti niliyokuuzia mwenyewe?"

Mluzi ukakatika. Fedha zote za Mama Pindo zikabaki pale, hazikutosha, na pikipiki ikabaki nazo. Injinia akakimbia mpaka karakana, akihema.

"Mama, umebadilisha kamera!"

"Mimi?" Mama Pindo alikuwa anapiga pasi. "Mimi nilinunua ile iliyoshika jicho la paka. Kwani wewe uliniuzia ipi?"

Injinia akageuka, akaondoka kwa miguu.

Nyumbani ilibidi amwambie shemeji kitu. "Majambazi, shemeji! Wamechukua pikipiki! Waliniweka ukutani, mikono juu, nisigeuke!" Akalia machozi ya kweli. Dada yake akampikia chai, shemeji akaanza kwenda kazini kwa miguu, na mambo yakatulia.

Yalitulia mpaka mwaka mpya, dada yake aliporudi kutoka kwa Mama Pindo na lile shati la bure, ambalo mikono yake ilifika magotini, na kalenda ya ukurasa mmoja. Akaipigilia msumari juu ya kochi. Picha ilikuwa safi ajabu: Kiherehere hewani, makucha nje, jicho linang'aa, anarukia uzi mwekundu. Nyuma yake, mtu mwenye shati la maua ya njano amegeukia ukuta, mikono juu.

Shemeji akaitazama kalenda. Akalitazama shati la maua ya njano aliloketi nalo Injinia. Kisha akaweka kidole juu ya paka.

"Kwa hiyo, shemeji," alisema taratibu, akivua mkanda wa suruali, "jambazi mwenyewe ndiye huyu?"