Pipa Chini ya Taulo

Jumatatu, 4 Machi

Mkurugenzi Arvo katutangazia wakati wa kahawa. Kiwandani tuna mitambo miwili ya kupaka nikeli koki za bafuni: wangu na wa Raili. Mmoja utafungwa. Utakaosalia ni ule utakaotoa tope kidogo zaidi la sumu kufikia Ijumaa ya wiki ijayo. Watakaoshindwa watapelekwa kufunga maboksi.

Mimi nifunge maboksi, na uzee huu? Raili akanimiminia kahawa, akaniambia nisihofu, nina mikono mizuri ya kushikia gundi. Nimecheka kwa adabu. Nimeanza kupanga.

Jumanne, 5 Machi

Nimepata jibu. Tope linatokana na maji ya kusuuzia. Basi, ukifunga maji, tope litatoka wapi? Ajabu wahandisi hawakuliona hilo.

Nimefunga maji.

Jioni: koki zimetoka na madoadoa. Arvo ameuliza kama siku hizi tunauza ngozi ya chui. Maji nimeyafungua. Kazi yote imerudiwa, na tope limepita la jana.

Jumatano, 6 Machi

Tope lisiloonekana halipo. Pipa moja la tope limehamia kwenye sauna ya kiwanda, bafu letu la mvuke, katika chumba cha kuvulia nguo. Nimekaza mfuniko, nikalifunika kwa taulo. Ukilitazama unaona meza. Meza nzuri, hata.

Mke wangu Tuovi kaniuliza kwa nini natabasamu peke yangu. Nimemwambia nanusa majira ya kuchipua. Nje theluji ingali magotini.

Ijumaa, 8 Machi

Siku mbaya.

Mkaguzi wa mazingira kaja, Bwana Ilpo, na hapa kwetu mgeni haondoki bila sauna. Arvo akaniita niwe mwenyeji pamoja naye. Naingia chumba cha nguo, soseji zimeshapangwa juu ya meza yangu.

Nikajitolea kuzihamisha. Arvo akasema niziache, meza inafaa, nani kaileta? Ilpo akatafuta taulo kavu. Akavuta ile. Soseji zikatawanyika sakafuni, na kutoka ubavuni mwa pipa fuvu na mifupa miwili, alama ya sumu, vikamkodolea macho.

Tukaingia kwenye mvuke, watu watatu uchi. Sasa, ndani ya sauna watu hawagombani. Hilo kwetu mtoto analijua kabla ya kujua jina lake. Arvo akamwagia mawe ya moto maji, akasema taratibu kwamba mvuke wa leo ni mtamu. Nikaafiki, mtamu sana.

Nikakata shauri: madhali nimo humu, sina kosa. Wakatoka, nikabaki. Wakarudi, wakatoka tena, nikabaki. Mwishowe nilitoka nikipepesuka, mwekundu kama kamba wa kuchemsha. Arvo alikuwa ananingoja kwenye theluji, kavaa mpaka kofia.

Aliyoyasema siyaandiki. Ila pipa limerudi kwenye hesabu yangu, na Ilpo atakuja Ijumaa ijayo. Anasema ana hamu ya kuona mapipa yangu mengine yanatembea vipi.

Jumatatu, 11 Machi

Wenzangu wa mtamboni hawanisemeshi. Wao hawakuficha kitu, lakini maboksi yanawangoja pamoja nami.

Raili akaja, akasimama kando ya tangi langu. Akauliza mbona nazichomoa koki kama mtu anayeokoa keki inayoungua. Nikamjibu kwamba muda ni mali. Akasema mali ni hiyo inayochuruzika: naitoa nikeli yangu tangini, naipeleka kwenye maji ya kusuuzia, kisha nalipa ikatupwe kwa jina la sumu. Yeye huinua fremu ya kutundikia koki, huiinamisha, hunyamaza mpaka tone la mwisho lirudi nyumbani.

“Tatizo lako, Taisto bwana, litakuwa hapo kwenye kunyamaza.”

Nikauliza kwa nini ananisaidia. Akasema nikienda kwenye maboksi, nani atamchekesha wakati wa kahawa?

Ijumaa, 15 Machi

Wiki nzima nimeinua, nimeinamisha, nimenyamaza. Ulimi umeniuma kuliko mgongo. Lakini maji ya kusuuzia yamekuwa karibu meupe, na tope limepungua hadi Ilpo akaenda kuchungulia sauna.

Raili kanishinda, kwa kidogo. Hata hivyo mitambo yote miwili sasa inatoa tope kidogo kuliko ulilokuwa ukitoa mmoja, kwa hiyo Arvo hafungi wowote. Wenzangu wamenipa mkono, mmoja mmoja, kimya. Kwetu hiyo ni sherehe.

Raili kaniletea mkate wa mdalasini. Nimeula wote.

Jumapili, 17 Machi

Nimewaza. Kukaa unalisubiri tone lianguke kwa hiari yake ni kulidekeza. Tuovi ana kikausha nywele chenye nguvu ajabu. Nikizipuliza koki kidogo tu, zitakauka mara moja, nami nitamshinda Raili kabla ya Pasaka.

Asijue mtu. Kesho naondoka nacho kwenye mkoba, na pa kukificha ninapo: kule sauna, chini ya taulo.