Hotuba ya Kufunga Mbio za Dunia Lupepo

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ni mimi mwenyewe baada ya yule tuliyemtarajia kupata udhuru; waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Maandalizi ya Mbio za Dunia, ambayo naiongoza mimi Ezron bila kuchoka; wachungaji wetu na shehe wetu mliotuombea kwa zamu; Bwana Maulidi wa sokoni Tukuyu, uliyetuazima viti na ambaye nakuona huviondolei macho; wadau wa sekta ya michezo kutoka Ibighi; wananchi wa Lupepo; mabibi na mabwana, mugonile! (Wananchi wanaitikia: “Tugonile, ndaga!” Mzee mmoja anamuuliza jirani yake kama huyu ndiye mkimbiaji.)

Nikisema itifaki imezingatiwa mjue imezingatiwa kweli, maana leo kila mmoja amenawa kwenye ndoo, ameketi mbali na mwenzake na amevaa barakoa, isipokuwa mimi, ambaye sauti yangu ni mali ya umma. (Vicheko.)

Ndugu wananchi, mtakumbuka kwamba mwaka jana, corona ilipoifungia dunia ndani na viwanja vikubwa vya Ulaya vikabaki vya njiwa, ofisi yangu ilikaa, ikatafakari, ikafanya upembuzi yakinifu na kuibuka na konsepti: kama dunia haiwezi kukimbia kwake, basi ije ikimbie Lupepo, penye hewa safi, mvua ya kutosha kunawisha mataifa yote, na wenyeji ambao mambo ya kukaa mbali mbali hawakufundishwa na redio. Nani hapa hajui kwamba mkamwana wa Kinyakyusa hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake? Akimwona njiani anaingia migombani. Akimpa kitu hampi mkononi. (Bibi mmoja: “Mpaka leo!”) Basi hilo nikaliingiza kwenye mwongozo wa kitaalamu, kwamba kila mwanariadha amchukulie mwenzake kama baba mkwe. Mbio za kijiti, kwa mfano: aliyemaliza anakiweka kijiti chini, anageuza uso, anaondoka, anayepokea anasubiri mwenzake apotee kabisa, ndipo anatoka kwenye migomba na kukiokota. (Makofi. Lugano, dereva wa bodaboda: “Na akitaka kumpita wa mbele?”) Hampiti! Huo ni utovu wa adabu, na adhabu yake ipo kwenye kanuni. (Vicheko virefu.)

Ni kwa ajili ya miundombinu hiyo ya kimkakati tuliliomba shamba la mama yetu Ikupa, hapa hapa tulipo, tukafyeka migomba yote hadi mgomba wa mwisho ili kupata uwanja wa hadhi ya kimataifa. (Lugano tena: “Sasa huyo wa kijiti angetokea migomba ipi?” Mheshimiwa anakunywa maji.) Maswali ya kiufundi yatajibiwa na wataalamu.

(Ikupa anasimama. “Baba, mvua ndizo hizi zimeanza. Nilikuambia migomba ile ndiyo chakula changu na wajukuu, ukasema nisubiri wageni. Nimesubiri, tunakula kwa majirani. Nipande au nisipande?”)

Swali zuri sana, mama, na nitalijibu kwa mapana yake. Kwanza, takwimu. Maambukizi katika mashindano yetu ni asilimia sifuri. Majeruhi, sifuri. Malalamiko ya waamuzi, sifuri. Nitajieni taifa, hata yale makubwa yenye madaktari hadi mlangoni, lililofikia viwango hivi. Pili, uwanja huu sasa ni legacy, urithi wa vizazi, kwa hiyo utaendelea kutunzwa ukiwa mtupu hivi hivi hadi awamu ijayo, ambayo mchakato wake umeshaanza kuanza. (Minong’ono. Ikupa hakai. Ambindwile, jirani yake, anaondoka na kurudi na machipukizi ya migomba begani. Mstari mzima wa nyuma unanyanyuka kwenda kuleta majembe.) Naona hamasa! Naona wananchi wanaitikia kwa vitendo, na hii ndiyo ile shirikishi jamii tuliyoisema kwenye semina.

Nikielekea kuhitimisha, nitakuwa mwizi wa fadhila nisipotoa shukrani. Nayashukuru mataifa yote ya dunia kwa kutokuja, ingawa sifa hiyo kwa haki irudi kwenye kamati yangu, kwa kuwa hatukuyaalika. Tulitathmini, tukaona kumwalika mtu wakati wa gonjwa ni kumhatarisha, na kwamba mashindano yasiyo na mshiriki, tarehe wala mshindi ndiyo pekee yaliyo salama kwa asilimia mia moja. Hivyo natamka rasmi kwamba Mbio za Dunia Lupepo zimefungwa. (“Zilifunguliwa lini?”) Michezo ni afya! (Sauti za majembe.) Lupepo oyee! (Oyee moja, kutoka shambani, ya mtu aliyeinama.) Bwana Maulidi, acha kukusanya viti, bado nahutubia.

(Ikupa amefika mbele, jembe mkononi. “Ndaga fijo, asante sana baba, umesema vizuri. Sasa sogea, hapo uliposimama nachimba shimo.”)

Nasogea, mama. Lakini kumbukumbu za kikao zioneshe kwamba nimesogea kwa hiari yangu, na kwamba shimo hilo nimelizindua mimi.