Rais Asichaguliwe na Watu Wengi Hivyo

Ndugu Mhariri,

Pokea salamu kutoka chumba cha kukata nguo. Nimesoma gazetini mwako kwamba taifa linajiuliza kama rais achaguliwe na wananchi wenyewe moja kwa moja, au na wajumbe kwa niaba yao. Nilishtuka hata mkono wa koti la mteja nikaukata mfupi kwa inchi mbili.

Mimi ni mwenyekiti wa ushirika wa mafundi nguo, mwaka wa sita sasa. Tuna vyumba vitatu. Cha kukata tuko watatu, cha pasi wako wawili, cha cherehani wako kumi na wanne. Kila chumba hutoa mjumbe mmoja, na wajumbe hao ndio humchagua mwenyekiti. Wa kukata ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Wa pasi ni Mzee Mvuke. Wa cherehani ni Mama Vifungo, ambaye ulimi wake unashinda mkasi wangu kwa makali. Kila mwaka napata kura mbili kwa moja, na amani inatawala. Sasa chumba cha cherehani wamesoma gazeti lako, wanadai kila kichwa kihesabiwe. Uchaguzi wetu ni leo mchana, kwa hiyo nalalamika haraka:

1. Kura ya moja kwa moja inawapendelea walio wengi. Huu ni ubaguzi wa wazi dhidi yetu tulio wachache, wala hatukuomba kuwa wachache.

2. Mgombea atalazimika kujuana na wapiga kura. Mimi hufika mapema, nikazitia mafuta cherehani zote kumi na nne na kukaza mikanda yake, kisha natoweka kabla wenyewe hawajaingia. Mama Vifungo akinikuta ni balaa: "Dirisha bovu mwaka wa pili, na wewe upo tu!" Hebu mfikirie rais, mwenye madirisha ya nchi nzima.

3. Hata wajumbe watatu, nikipima vizuri, ni wengi. Yule wa tatu hushindwa kila mwaka, basi apumzike. Wawili waliobaki hukubaliana daima, basi mmoja anatosha. Na huyo mmoja ya nini kumkatiza kazi yake, ikiwa mwenyekiti mwenyewe yupo na jibu analijua? Taifa lizingatie.

Nisalimie wote ofisini, pamoja na huyo aliyeanzisha mjadala. Simchukii, ila akitaka kushonewa suti asije kwetu.

Wako katika kuulinda uchaguzi,
Mwenyekiti

Tanbihi: Kabla sijabandika stempu, uchaguzi ukafika. Shemeji amegombea! Amejipigia kura, na Mzee Mvuke amempa ya pili kwa kuahidiwa kiti cha kuegemea. Mbili kwa moja. Hiyo moja ndiyo niliyopata mimi. Mama Vifungo alisimama akasema chumbani kwao walikwisha kupiga kura wote, na wote kumi na wanne wamenitaka mimi, kwa kuwa wanajua ni nani anayetia mafuta. Miaka sita nimekuwa nikiwakimbia watu wanaonipenda. Nililia, sioni haya kusema.

Basi ichape barua hii, ila palipo na "wajumbe" weka "wananchi", na palipo na "wananchi" weka "wajumbe". La tatu lifute kabisa. Shemeji naye hulisoma gazeti lako.