Albamu ya Kukwama

Siku Lainisha alipopita mbele ya saluni na kuziona zile spika mbili mpya, zimesimama wima kama wanandoa wanaopigwa picha, moyo ulimwambia: hizo ni zako, hujazibeba tu.

Ndani, mwenye saluni alikuwa anasuka huku anaimba. Wateja walivumilia. Wangefanyaje, na vichwa vyao vilikuwa mikononi mwake?

"Dada mkubwa!" Lainisha akasimama mlangoni, mkono kifuani. "Nani kaificha sauti hii humu kwenye mafuta ya nywele?"

"Toka hapa, muongo wewe," alisema dada, huku akimsogezea kiti.

Lainisha akajitambulisha: Daktari Midundo, mtengenezaji wa albamu za muziki wa kucheza. Dada alikuwa na donda moja moyoni. Wifi yake alishatoa nyimbo mbili, na tangu hapo ukoo mzima ulimwita wifi "msanii wetu", na yeye "yule wa mawigi".

"Tatizo kuimba kwenyewe..." dada alianza.

"Nani kakudanganya muziki huu unaimbwa? Unachezwa! Maneno manne yanatosha. Sauti tunaipitisha kwenye mashine, inatoka imenyooka kama nywele iliyotiwa dawa. Ila spika zako nitaondoka nazo. Mdundo hupimwa kwenye spika za mwenye wimbo, kama gauni linavyopimwa kwa bibi harusi."

Wateja wakatikisa vichwa kwa hekima ya watu wasiojua kitu.

Albamu ilikamilika mchana mmoja. Mdundo mmoja, nyimbo kumi: huu kauharakisha, ule kaupunguza mwendo, mwingine kautia filimbi. Kompyuta yake ilikuwa mbovu. Kila wimbo ukifika mahali inaganda, kimya pumzi mbili, kisha mdundo unarudi kwa kishindo. Wa kumi uliganda mara tatu. Lainisha hakujisumbua kurekebisha, maana hakupanga kuwepo wakati wa kusikilizwa. Akamtumia dada nyimbo zake kwa simu, akatupa laini, akauza spika, akahamia mtaa wa pili na kufuga ndevu.

Haikupita miezi miwili tangu dada atoe nyimbo tisa za kwanza, mji ukakwama. Mdundo ukikatika, fundi viatu anabaki na nyundo hewani, bibi harusi na mguu mmoja juu, mpaka urudi. Wakauita mtindo wa kukwama. Redioni mtaalamu mmoja alieleza kwamba ukimya ule unabeba maumivu ya mwanamke wa kisasa.

"Maumivu ya kompyuta yangu!" Lainisha alilia, akakimbilia saluni kudai chake.

Aliikuta imejaa mpaka mlangoni, spika sasa nne. Kwenye kiti alikaa mwanamume mwenye povu kidevuni.

"Dada, mimi ndiye..."

"Subiri, ndugu yangu. Huyu shemeji yangu ni askari. Sote tunamtafuta Daktari Midundo. Mimi nina hati yake hapa, ya kumpa nusu ya mapato ya albamu. Shemeji anamtaka kwa ajili ya spika. Haya, ulikuwa unasema wewe ndiye nani?"

Lainisha akaiangalia hati mezani. Akaziangalia pingu kiunoni mwa askari.

"Ndiye... niliyekuja kunyoa ndevu."

"Karibu sana." Dada akamketisha karibu na askari, akamfunga kitambaa shingoni, mafundo mawili. Kisha akapaza sauti: "Jamani, leo nawaonjesha wimbo wa kumi! Sijautoa popote. Hata shemeji hajausikia."

Mdundo ukaanza. Saluni nzima ikayumba. Lainisha aliapa kutulia, akauma meno, lakini mguu wake chini ya kitambaa haukuapa chochote. Ukapiga, ukapiga, ukasimama hewani.

Ndipo muziki ukakatika.

Watu wote walikuwa wamepitiliza, wengine wamegongana vichwa. Wakacheka, wakaendelea. Mara ya pili, mguu ukasimama tena kabla ya muziki. Askari akageuka polepole na povu lake. Mara ya tatu hakuangalia spika kabisa, aliangalia kiatu.

"Ndugu," alisema kwenye ule ukimya, "wimbo haujatoka. Wewe umejuaje?"

Lainisha akajaribu kuinuka.

"Usimsumbue kwanza, shemeji," dada alisema, akiyakaza yale mafundo. "Ndevu zake bado. Tulia hivyo hivyo, Daktari. Umekwama vizuri kuliko wote."