Feni Nne za Darasa Lenye Joto Zaidi

Jumatatu, 12 Februari
Joto! Saa tatu asubuhi bati la paa limeshaanza kulia. Watoto thelathini na wanane, feni moja, nayo inakoroma tu. Leo amekuja Bi Mereseini, mtafiti kutoka mji mkuu, Suva, na visanduku viwili vya kupima joto na hewa. Kimoja kwangu, kingine kwa Madamu Sarojini, tunayepakana naye ukuta. Mwalimu mkuu katangaza: darasa litakaloonekana baya zaidi litapata feni nne na dari mpya. Lazima liwe langu! Watoto wangu wanateseka.

Jumanne, 13 Februari
Nimefunga madirisha yote. Nikawaambia watoto tunazuia mbu. Nyuzi thelathini na nne! Nikachungulia kwa Sarojini: madirisha wazi, upepo wa mtoni unapita. Maskini, hajui kupanga mambo.

Jumatano, 14 Februari
Nimeleta birika la umeme, nikaliweka chini ya kisanduku. Mvuke ukapanda. Thelathini na saba! Nikasema ni somo la sayansi. Saa tano Litia, bingwa wangu wa hesabu, akalaza kichwa mezani. Nikamuuliza ana nini.
"Mwalimu, namba zinaogelea."
Moyo uliniuma. Nikamtoa nje, nikampa maji, nikampepea kwa daftari la mahudhurio. Nikaapa kufungua madirisha. Nikafungua moja. Nikakumbuka feni nne. Nikalifunga.

Alhamisi, 15 Februari
Watoto saba hawapo! Nimewakuta kwa Sarojini, wamebanana sakafuni. Nikamwambia ananiibia wanafunzi. Akanijibu mbele yao: "Mwalimu Vilikesa, watoto si mikate. Ukiwaoka, watakimbia!"
Wakacheka wote. Hata Litia! Kwa hasira nikachomeka birika la pili. Pwa! Umeme wa shule nzima ukakatika. Mwalimu mkuu akatoka ofisini, shati limeloa, akiuliza nani kafanya nini. Nikasema huenda ni popo.

Ijumaa, 16 Februari
Matokeo, mbele ya walimu wote. Kumbe kisanduku kinaandika kila dakika! Chumba cha Sarojini kina joto la bati, joto halali: feni nne na dari. Changu kina hewa nzito kama ndani ya gunia, na mvuke wa jikoni kuanzia saa nne na dakika kumi. Ushauri wa Bi Mereseini ulikuwa mstari mmoja: mwalimu afungue madirisha.
Walicheka mpaka wakashika mbavu. Sarojini peke yake hakucheka. Alisema dari ikikamilika niwalete watoto wangu kwake kila mchana, tujibane. Nikashukuru nikitazama viatu vyangu.

Jumatatu, 19 Februari
Madirisha wazi. Nyuzi thelathini na moja. Litia kamaliza hesabu zote ishirini, na hakuna aliyesinzia. Raha iliyoje! Sijui kwa nini hakuna aliyewahi kuniambia.
Mchana Bi Mereseini kapiga simu. Mwezi ujao anarudi kupima mwanga. Darasa lenye giza kuliko yote litapata taa mpya. Jioni nimepita dukani, mjini Labasa. Mita kumi na mbili za kitambaa cheusi, kizito.